Bega la Kujaribia

Mkono wa kulia wa Chapchap uligoma Jumamosi asubuhi, saluni imejaa wateja hadi kwenye benchi la nje. Ulikuwa umeanza kulalamika kitambo, kwanza akilala, kisha akivaa, kisha wakati wowote uliopenda wenyewe. Siku hiyo ulipanda mpaka usawa wa kifua ukagota hapo, na bega likamchoma hadi akaachia kitana kikaanguka sakafuni. Mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimesukwa nusu na nusu bado kimesimama kama kichaka, alimtazama kupitia kioo.

"Vipi, dada Chapchap? Umechoka?"

"Nisubiri kidogo, mpenzi. Kidogo tu."

Hakuwa mtu wa kusubiriwa. Jina la Chapchap alipewa na wateja wenyewe, kwa kuwa mtu aliingia nywele zimevurugika akatoka zimelala mistari kabla stori haijaisha. Kusuka ni kazi ya kusimama mikono juu tangu asubuhi mpaka jioni, ingawa wapita njia wakichungulia dirishani huona wanawake wanapiga soga. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu kabla hajaolewa, na kwa mkono huo huo alikuwa amelipia nusu ya kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba yake.

Mwenye saluni alimvuta pembeni, karibu na sinki la kuoshea nywele.

"Mwanangu, nakupenda, na unajua nakupenda. Lakini kiti hiki nakilipia kodi. Mwisho wa mwezi ukifika na mkono wako bado uko hivyo, nitampa mwingine."

"Sawa, mama."

"Usininunie."

"Sijanuna."

Alikuwa amenuna, tena alikuwa na haki. Aliinama akaokota kitana kwa mkono wa kushoto, na kichwa kile kikamaliziwa na msusi mwingine.

Hospitalini alikwenda na mumewe. Mumewe alikuwa mpima nafaka kwenye ghala, na kule ghalani walimwita Bambo, kwa jina la kile chuma chenye ncha na tundu anachokichoma kwenye gunia ili kuchota punje za ndani bila kulifungua. Bambo akishachoma, hutazama punje kiganjani, huzinusa, hutafuna moja, kisha husema neno moja tu: pita, au rudisha. Wakulima wazima na mvi zao husimama mbele yake wakisubiri neno hilo. Mtu akizoea kusikilizwa hivyo huanza kuamini kwamba dunia nzima ni magunia.

Daktari wa mifupa aliunyanyua mkono wa Chapchap, akauzungusha, akamwona anavyouma meno. Kisha akamgeukia Bambo.

"Bega lake limeganda. Nitampa dawa za maumivu, na lazima afanye mazoezi. Apime na sukari pia. Kama maumivu yanamzuia kufanya mazoezi, wako watu wanaopata nafuu kwa tiba ya sindano, zile nyembamba za kuchomwa mwilini. Lakini mchague mtu aliyesomea na kusajiliwa. Siku hizi kila mwenye sindano anajiita mtaalamu."

"Daktari," Chapchap alisema, "mimi ni msusi. Je, kazi yangu..."

"Mwambie apunguze kazi za kunyanyua mikono," daktari alimwambia Bambo.

"Nitamwambia," Bambo akajibu, na mwambiwa mwenyewe ameketi katikati yao.

*

Kikao cha kumtafuta mtu wa sindano kilifanyika sebuleni kwa Chapchap. Mwenyekiti wa kikao, bila kuchaguliwa na yeyote, alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Bambo, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Chapchap alimmiminia chai.

"Haya! Siku hizi tunamiminiwa chai kwa mkono wa kushoto," wifi alisema.

"Wa kulia haunyanyuki, wifi. Ndiyo maana umekuja."

"Natania tu, jamani. Mtu hataniwi?"

Bambo alicheka. Chapchap akaweka birika chini na kuketi ukingoni mwa kochi, kama mgeni. Wifi akajipanga vizuri na kuanza kumsifia Profesa. Profesa alikuwa na jumba zima, kiyoyozi kila chumba, tangi la samaki mapokezi, na wakubwa wanakwenda kwake na magari yenye vioo vyeusi. Profesa alimtibu mgongo bosi wa wifi, na bosi akisikia wifi kampeleka mtu pale, atafurahi sana.

"Sasa bosi wako anaingiaje kwenye bega langu?" Chapchap aliuliza.

"Unaona? Mtu anasaidiwa anaanza ukali."

Bambo akasema kwamba ghalani pia wamemtajia jamaa mmoja karibu na kituo cha mafuta, bei yake poa. Chapchap akaona bora atupe la kwake kabla kikao hakijafungwa.

"Nina mteja alitibiwa goti na mama mmoja, ana chumba nyuma ya duka la dawa. Anasema yule mama amesoma, na cheti chake..."

"Mteja wa saluni?" wifi alidakia. "Huko mnakoshauriana rangi za kucha?"

Hapo Bambo akanyanyua kiganja kama anavyofanya mbele ya lori la magunia. 

"Kelele za nini? Mimi siruhusu mzigo upite sijauchoma. Nitakwenda kwa wote watatu. Nitasema bega ni langu, wanichome mimi kwanza. Yule atakayefaa, kwake ndiyo nitampeleka mke wangu."

"Hapo sasa ndiyo umesema!" wifi akapiga makofi. "Mume ndiye huyo. Anachomwa kwa ajili yako! Wangapi wanapata?"

Chapchap alimtazama mumewe aliyejaa kochi zima, mabega mapana, mazima, mwanamume anayeinua gunia kama mto wa kulalia. Alitaka kumwambia kwamba gunia zima halisemi lolote juu ya gunia bovu. Lakini macho ya Bambo yalikuwa yanang'aa kwa wema wake mwenyewe, na ni vigumu kumkatiza mtu anayejipenda kiasi hicho. Akakusanya vikombe, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto.

Alipoingia chumbani kubadilisha nguo, gauni lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani. Msumari huo Bambo aliupigilia zamani kwa urefu wake mwenyewe. Tangu bega lianze, Chapchap alikuwa akipanda kitandani ili afikie nguo au taulo lake.

"Baba, msumari ule, nilikuomba unishushie."

"Kesho," Bambo alijibu kutoka sebuleni. Ilikuwa ni kesho ileile ya tangu mvua za mwanzo.

*

Bambo alirudi na ripoti yake jioni moja, wifi akiwa amekuja maalumu kuisikiliza. Chapchap alikuwa anakunja nguo zilizokauka, mkono mmoja ukifanya kazi, mwingine ukishikilia tu.

"Wa kituo cha mafuta, rudisha. Anachovya sindano kwenye glasi ya spiriti, anachoma kama anashona kiatu. Nimetoka machozi."

"Pole, mdogo wangu!" wifi akasema.

"Wa pili, yule mama wa nyuma ya duka la dawa. Huyo ndiyo kichekesho. Kaniketisha, kaninyanyua mkono huu, kaninyanyua na huu, kanizungusha, maswali kama polisi. Unakunywa dawa gani, unalalaje, ulianguka lini. Halafu unajua kaniambia nini? Baba, bega lako ni zima, nenda nyumbani."

"Acha!"

"Haki ya Mungu. Nikamwambia, mbona linaniuma? Akasema, kama kuna mwingine nyumbani anayeumwa, mlete yeye. Hata senti hakuchukua. Sasa huyo ni mtaalamu gani? Mteja kajileta mwenyewe mlangoni, unamfukuza!"

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Chapchap aliacha kukunja.

"Lakini bega lako si zima kweli?"

"Hoja si hiyo," Bambo akasema.

"Hoja ni ipi?"

"Hoja ni huduma! Sasa msikilizeni wa tatu. Profesa. Yule mtu ana kipaji. Hakuniuliza hata swali moja. Kaweka kiganja hapa begani, kafumba macho, akanyamaza. Halafu akasema: baridi. Baridi imeingia kwenye mfupa tangu ukiwa kijana, imejenga kiota. Nywele zilinisimama! Nikachomwa sindano sijui ngapi, sikusikia kitu. Nikalala fofofo. Nimeamka mwili mwepesi, mpaka nikataka kukimbia."

"Si nilisema?" wifi akasema.

"Profesa, pita."

Chapchap alibaki na shati la mumewe mapajani. Mtu mmoja alikuwa amelishika bega zima akasema ni zima, huyo karudishwa. Mwingine alikuwa amelishika bega lilelile akaliona lina kiota, huyo kapita. Alimtazama wifi, akamtazama mumewe, akaona hakuna hata mmoja aliyesikia kilichosemwa.

"Mimi nataka kwenda kwa yule mama," alisema.

"Nimekwisha lipa dozi nzima kwa Profesa," Bambo akajibu.

"Umelipa kwa pesa ipi?"

Bambo akajikuna shingo. Wifi ghafla akaanza kutafuta kiatu chake chini ya kochi. Pesa ilikuwa ile ya kununulia draya ya kukaushia nywele, ambayo Chapchap alikuwa akiiweka kwenye kopo la mafuta ya nywele, kidogo kidogo, ili siku moja aache kulipia draya ya mwenye saluni. Kopo lilikuwa lake, na hakukuwa na siri ya mahali lilipo, kwa sababu hakuwahi kudhani angehitaji kulificha ndani ya nyumba yake.

"Si ni kwa ajili ya bega lako?" Bambo akasema. "Ningelipia la nani?"

*

Tangi la samaki lilikuwepo kweli. Kiyoyozi kilikuwepo pia, na dada wa mapokezi mwenye sauti ya asali, na ukutani picha za Profesa akipeana mikono na watu waliovaa suti. Vyeti havikuwepo, au kama vilikuwepo vilifichwa na picha. Wifi alikuwa amekuja kusindikiza, kavaa kama anakwenda harusini, ili bosi wake aje asimuliwe vizuri.

Profesa aliingia chumba cha matibabu, koti jeupe, jina lake limetariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu. Alimpita Chapchap, aliyekuwa ameshavua blauzi na kulala kitandani, akamkumbatia Bambo.

"Mheshimiwa! Bega linaendeleaje?"

"Aa, linaendelea vizuri, Profesa."

Chapchap akageuza shingo kumtazama mumewe, lakini Bambo alikuwa anatazama dari. Profesa akaweka kiganja begani kwa Chapchap, akafumba macho, akanyamaza. Chumba kizima kikanyamaza naye. Samaki tu ndio waliokuwa wanasikika, pampu ya tangi lao ikikoroma kule mapokezi.

"Baridi," Profesa akasema.

Chapchap alihisi kicheko kinampanda, kisha kikageuka kuwa kitu kingine.

"Imeingia kwenye mfupa tangu ukiwa kijana," Profesa aliendelea.

"Imejenga kiota," Chapchap akamalizia.

Profesa alifumbua macho.

"Samahani, Profesa. Mume wangu ulimwambia hivyohivyo."

"Mnalala chumba kimoja, mama. Baridi haichagui."

"Lakini yeye haumwi."

Wifi akakohoa. Profesa, taratibu sana, alimgeukia Bambo huku akitabasamu. "Ati huumwi, mheshimiwa?"

Hapa ndipo neno moja lilipohitajika. Mtu aliyezoea kumwambia mkulima usoni kwamba mahindi yako yameoza, rudisha, alihitaji kusema tu: kweli, mimi ni mzima, nilikuja kujaribu. Basi. Mke wake angeshuka pale kitandani, wangedai pesa yao, wangekwenda zao. Chapchap alimtazama, na kwa muda alimwamini. Bambo alimtazama Profesa, akamtazama dada yake, akapitisha mkono polepole mpaka begani kwake, akalibonyeza, na akakunja uso.

"Huwa linanisumbuasumbua," akasema.

Chapchap hakujua kama angeweza kumchukia mtu kwa sababu ya bega, lakini pale kitandani alikaribia. Miezi yote hii alikuwa na maumivu ya kweli na ameombwa ayathibitishe, mwanamume huyu alikuwa na maumivu ya uongo na ameaminiwa kabla hajamaliza kukunja uso.

Profesa akavuta sinia lenye sindano. Zilikuwa wazi, zimelala juu ya pamba.

"Hizi ni mpya?" Chapchap aliuliza. "Mbona hazimo kwenye pakiti?"

"Mama, wewe ni daktari?"

"Nimeuliza tu. Ni mwili wangu."

"Usinitie aibu," Bambo akanong'ona, mnong'ono wa mtu anayetaka wote wasikie kwamba amekemea.

Profesa alitikisa kichwa kwa huruma. "Mheshimiwa, nimetibu wengi. Wanawake wenye maneno mengi ndio mabega yao huganda kwanza. Hasira ikikosa pa kwenda hushukia hapa."

Wifi alicheka, kicheko kifupi, akakimeza. Lakini kilikuwa kimeshatoka.

Chapchap akaketi. Blauzi yake ilikuwa kwenye kiti, akaivuta, akaanza kuivaa. Mkono wa kushoto uliingia. Wa kulia ukagoma, mkono wa blauzi ukaning'inia nyuma, akaufuata, ukamkwepa, akaufuata tena. Watu wazima watatu walisimama wakimtazama mwanamke anahangaika na blauzi, kifua wazi, na hakuna aliyenyoosha hata kidole. Mwishowe aliitupia begani hivyohivyo, akajifunika kanga juu, akashuka.

"Unakwenda wapi?" Bambo akauliza. "Pesa imeshalipwa!"

"Pesa ilikuwa yangu. Imekwenda, na mimi nakwenda."

Alipofika mlangoni alisikia nyuma yake sauti ya mumewe, imenywea, ikijaribu kuokoa siku.

"Basi, Profesa, isipotee bure. Mimi nitachukua zamu yake."

Kitanda kikalia kwa uzito wake.

*

Chumba cha nyuma ya duka la dawa kilikuwa kidogo, chenye kitanda kimoja, viti viwili, kalenda, na cheti kilichotundikwa mahali ambapo mgonjwa anaweza kukisoma akiwa ameketi. Yule mama alikuwa mnene, miwani imeshuka puani, kandambili miguuni. Chapchap alikuwa amekuja na hasira yake yote, tayari kumuuliza maswali ya kumkomoa. Akakuta ameanzwa yeye.

"Karibu. Nani anaumwa?"

"Mimi."

"Basi nieleze wewe."

Akaeleza. Yule mama alisikiliza bila kumkatiza, akauliza dawa anazokunywa, kama ana presha, kama ana mimba, kama sukari imepimwa. Chapchap akasema daktari aliagiza ipimwe, lakini nyumbani walishikilia habari za Profesa, sukari ikasahaulika.

"Ipime wiki hii. Mabega ya namna hii hupendana na sukari. Haya, mkono huu, unataka uje ufanye nini?"

"Vipi?"

"Nakuuliza. Mwingine anataka kulala tu. Mwingine anataka kubeba mtoto. Wewe unataka nini?"

Tangu lile bega lishikwe na daktari, na wifi, na mume, na Profesa, hakuna aliyemuuliza swali hilo. Chapchap alifungua mdomo ajibu, na badala ya jibu yakaja machozi, mengi, ya hasira kuliko ya huzuni. Yule mama alimsogezea karatasi za chooni na kusubiri.

"Nataka mkono huu usuke," Chapchap akasema.

"Haya. Sasa na mimi nikwambie ukweli. Sindano zinaweza kukupunguzia maumivu, na zinaweza zisifanye kitu. Siahidi. Bega litafunguka kwa mazoezi na kwa muda, na muda wenyewe si mfupi. Ukiona wiki zinapita na hakuna tofauti, nitakwambia mwenyewe uache kunipa pesa yako. Jina langu na namba ya usajili viko pale. Kawaulize wanaotusajili kabla hujalala kwenye kitanda changu. Sitakasirika."

"Mume wangu alikuja hapa. Mrefu, alidai anaumwa bega."

"Mambo ya wagonjwa wangu siyazungumzi."

"Ulisema si mgonjwa."

"Basi huyo simkumbuki," yule mama akasema, na wote wawili wakacheka.

Chapchap alikwenda kuuliza, akaambiwa jina lipo. Alipima sukari, akaambiwa iko sawa. Aliporudi, yule mama alinawa mikono, akachana pakiti mbele yake, akamwonyesha sindano nyembamba kama unywele. Baadhi alizisikia, nyingine hakuzisikia. Hakulala fofofo, wala hakuamka akitaka kukimbia. Alishuka kitandani na bega lake lilelile, isipokuwa makali yake yalikuwa yamepungua kidogo, kama redio iliyoshushwa sauti.

"Sasa kazi ni yako," yule mama alisema. "Simama mbele ya ukuta, weka vidole, vitembeze kwenda juu taratibu. Vikigota, pumua, vishushe. Kila siku. Na huko saluni, kwani lazima mteja akae kwenye kiti kirefu?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alimwomba mwenye saluni amruhusu kuwakalisha wateja kwenye kigoda, yeye akae nyuma yao kwenye kiti, mikono isipite kifua. Mwenye saluni alilalamika kwamba saluni itaonekana kama uani kwa mtu. Akampa hata hivyo kona karibu na mlango wa stoo, kwa nusu ya wateja, mpaka aone.

"Na kiti changu?"

"Kiti nimempa mwingine, mwanangu. Mkono ukipanda, tutaongea."

Akakaa kwenye kona yake akasuka. Haikuwa chapchap. Mistari ilikuwa yake ileile, imenyooka, lakini stori sasa ziliisha kabla ya kichwa.

*

Nyumbani, Bambo alikuwa anamalizia dozi. Kila alipotoka kwa Profesa alirudi na jipya: baridi imehama, baridi imegawanyika, baridi imeshuka kwenye kiwiko. Wifi alipiga simu kila jioni kuulizia bega la mdogo wake. Alikuja na mafuta ya kuchua, akaja na mto laini, akamwonya asibebe vitu vizito. Siku moja alimuuliza Chapchap, mbele ya jirani, kwa nini mume anaumwa na mke haonyeshi kujali.

Kila asubuhi Chapchap alisimama mbele ya ukuta wa chumbani na kutembeza vidole, na kila asubuhi viligota mahali, akauma meno, akavishusha. Vilipogota kwa juu zaidi alikwaruza alama kwa kucha. Alama zilikuwa zinapanda polepole sana, lakini zilikuwa zinapanda, na hakumwonyesha mtu.

Jumapili moja alitoka dukani akasikia nyundo ikigonga chumbani. Alipoingia, Bambo alikuwa amesimama kifua wazi mbele ya ukuta. Pale usawa wa kifua, msumari mpya ulikuwa umeshapigiliwa, taulo la Bambo mwenyewe limeshatundikwa juu yake. Sasa alikuwa anang'oa ule wa zamani, kule juu kabisa.

"Unafanya nini?"

"Nimeshusha msumari," Bambo akasema bila kugeuka, akihema. "Bega langu halitaki habari za kunyoosha mkono juu. Profesa kanikataza."

Chapchap alisimama na kikapu mkononi. Alikumbuka kila mara aliyopanda kitandani, kila kesho aliyoahidiwa, na zile siku alizojifutia gauni alilovua ili tu asilifuate taulo. Alikuwa ameomba, ameomba tena, akaacha kuomba. Na kumbe kazi yenyewe ilikuwa hii, ya muda wa kuchemka chai, na ilikuwa inasubiri tu bega la mtu mwenye kusikilizwa. Hasira ilimjaa mpaka masikio yakawa ya moto. Akaweka kikapu chini.

"Baba."

"Mm?"

"Usigeuke. Tazama mikono yako iko wapi."

Bambo alitazama. Mkono mmoja ulikuwa umeshika nyundo, mwingine umeushika ule msumari wa zamani, umeshatoka tunduni, yote miwili imenyooka juu ya kichwa chake, mirefu, laini, bila tatizo lolote. Alibaki akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akaanza kuishusha, taratibu, akitafuta wapi pa kukunja uso.

"Usishushe," Chapchap akasema.

"Mke wangu..."

"Nimesema usishushe. Kaa hivyohivyo. Hivyo ndivyo mimi nilivyokuwa nakaa, tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka nikakununulia hilo kochi unalolalia."

Haikuwa sauti kubwa. Bambo aliirudisha mikono juu, na hakujua mwenyewe kwa nini anatii. Chapchap akamsogelea, akasimama kando yake mbele ya ukuta, akaweka vidole vya mkono wa kulia kwenye alama ya chini. Akaanza kuvitembeza. Vilipita msumari mpya na taulo. Vilipita alama ya juzi. Jasho lilimtoka puani, bega likamchoma, naye akasema wazi kwamba linachoma, "Linauma, linauma," na hakuacha. Vikagota kwenye alama ya jana, akapumua, vikasogea tena kidogo, vikasimama. Tundu la msumari wa zamani lilikuwa bado mbali, karibu shubiri mbili juu yake.

"Ukishang'oa huo wa chini," alisema, jicho lake likiwa kwenye lile tundu, "huo wa juu urudishe ulipokuwa."

"Utaufikiaje?"

"Nitaufikia."

Mikono ya Bambo ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliuma mdomo, akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho, akisubiri aambiwe ashushe. Chapchap alivishusha vidole vyake mpaka chini, akavipangusa kwenye kanga, akaviweka tena ukutani kuanza upya.